Skii zisizoshika kwenye mteremko mkali: angalia makali chini ya kiatu

Kwenye mteremko wa digrii 35 na kuendelea, kinachokushikilia ni ukingo wa chuma wa skii (ubao mrefu wa kutelezea kwenye theluji) wenye upana wa milimita 2 hivi, hasa ile sehemu iliyo chini ya kiatu. Ukiwa butu, skii inachepuka, unaanguka, na juu ya theluji ngumu unaendelea kuteleza hadi chini. Karibu na kilele upepo hufagia theluji laini na kuacha tabaka gumu, kwa hiyo skii iliyokwenda vizuri kwenye njia za chini inaweza kukuangusha huko.

Kupima makali ni rahisi. Pitisha ukucha kwa kuukatisha ukingo, usiufuate urefu wake. Ukucha ukichongeka na kuacha unga mweupe, makali yapo.

Tunaponoa skii za wateja, tunaanza na jiwe la almasi kabla ya tupa. Ukingo uliogonga mwamba hupata joto kali mara moja na chuma cha hapo huwa kigumu zaidi. Tupa hupita juu bila kukila, ikala jirani zake, na ukingo ukabaki na mawimbi. Sehemu hizo ngumu zikishaisha, tupa iliyofungwa kwenye kishikizo cha pembe hupitishwa kutoka mbele kwenda mkiani, kwa mkono mwepesi. Ubavuni tunanoa digrii 88. Upande wa chini tunauinua digrii 1 au nusu. Ukitaka 87 tutakunolea, ila makali hayo huisha upesi, na kila unoaji hula chuma kisichorudi. Mwisho, jiwe laini huondoa vinyuzi vya chuma vilivyojikunja. Vikiachwa, skii hung'ang'ania theluji katikati ya kona, na hapo ndipo wengi hudhani imenolewa kupita kiasi.

Nta ya kupaka chini ya skii ichague kwa kufuata baridi ya huko juu mlimani. Hewa hupoa takriban nyuzi joto 6.5 kila mita 1,000, hivyo sifuri kwenye mita 1,500 huwa kama −13 kwenye mita 3,500. Chembe kali za theluji baridi huzama kwenye nta laini na kukuvuta nyuma.

Tafadhali usikaze vishikio vinavyofunga kiatu kwenye skii eti kwa sababu mteremko ni mkali: visipoachia, goti ndilo litakaloumia. Kipimo cha kuvikaza hutokana na uzito, kimo, umri, kiwango chako cha uchezaji na urefu wa soli, kwa hiyo unapoleta skii, leta na viatu vyako.