Kikao cha Kijerumani cha Jumamosi: mazoezi ya "Sie" (wewe ya heshima) na "du" (wewe ya kirafiki)

Habari za jioni, wapendwa. Jumamosi tutaanza saa nne asubuhi badala ya saa tatu, chumba kilekile cha maktaba. Mchango wa chai na fotokopi ni sh. 3,000, umfikie mweka hazina kabla ya Ijumaa jioni.

1. Andaa mazungumzo mafupi mawili: ya kwanza na daktari, ya pili na mwanafunzi mwenzako.
2. Mnaosomea uuguzi, "Könnten Sie mir bitte helfen?" (Tafadhali, unaweza kunisaidia?) itoke bila kusitasita. Mgonjwa mtu mzima ni "Sie", hata kama ni rika lako. Kazini, mkubwa ndiye hupendekeza "du", msubirini.

Tafadhali jibu "Nipo" au "Sipo" leo kabla ya saa tatu usiku, nijue idadi ya nakala. Asanteni sana.