Risala ya kikundi chetu kwa Mgeni Rasmi, Mwanjelwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, mheshimiwa diwani, mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, wazee wetu shikamooni, na wengine wote habari za saa hizi.

Sisi ni kikundi cha kuweka na kukopa, wengi wetu mama ntilie, mafundi ujenzi na vijana wa bodaboda, na karibu wote tumepanga hapahapa nyuma ya soko. Umepita kwa mguu umejionea, nyumba za zamani za udongo zimebaki ukuta mmoja, zingine warithi wanavutana miaka na miaka hakuna wa kuweka hata bati jipya, na mvua za Mbeya unazijua, zikianza Novemba mpaka Aprili watu wanalala roho mkononi.

Ila mtaa umeamka, na tunashukuru sana urasimishaji, yaani kupimiwa viwanja vyetu na kupewa hati. Kuna mama jirani yetu, wapimaji walivyoweka bikoni, lile jiwe la mpaka, kwenye kiwanja chake aliipaka rangi nyeupe wajukuu wasije wakaing'oa. Miaka yote alikuwa anasema nijenge halafu kesho lije greda? Alipopata hati tu akaita fundi, leo ana vyumba vitatu vya tofali za kuchoma na choo cha ndani, na majirani wawili walivyoona na wao wakachimba msingi.

Mheshimiwa, hapa kwenye hati tuna jambo linatuuma. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, lakini wenzetu wengi hawaijui, wanashtukia dalali yuko mlangoni. Tunaomba maafisa ardhi wakija huku mtaani waelezee hilo kwa sauti, na wanandoa wahimizwe kuandika majina yote mawili.

Mikopo ya nyumba benki ipo, tatizo wanataka salary slip, sasa muuza ndizi wa Mwanjelwa ataitoa wapi? Kwa hiyo tumekaa tukaona tuombe ule mkopo unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, tununue mashine ya tofali za kufungamana. Tutauza kama biashara, deni tutalipa, na mwanakikundi atajikatia tofali zake kidogokidogo kwa bei ya kwetu mpaka nyumba isimame.

La mwisho, na hili ndio zito kuliko yote: siku mwekezaji au Shirika la Nyumba wakija kujenga kwenye yale magofu, tunaomba sana wapangaji waliopo wapewe nafasi ya kwanza ya kununua, hata kwa kulipa polepole, maana watoto wetu wanasoma hapa na wateja wetu wako hapa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.