Harambee ya Negativu: Tuzipe Picha Zetu Majina Wanaozijua Wakingali Hai

Wazee wetu, ndugu, majirani na marafiki,

Tunawaomba mchango, na sababu ni hii. Wapiga picha wa zamani wa jumuiya yetu wengi wametutoka, na familia zao zimebaki na makasha ya negativu, yaani zile filamu za kamera ambazo picha huchapishwa kutokana nazo: harusi, mahafali, timu za mpira, mabinti waliokwenda studio siku waliyopata nguo mpya. Aliyeshika kamera alikuwa mtu mweusi kama aliyesimama mbele yake, na hilo linaonekana. Hakuna aliyepangwa kama kielelezo cha kabila. Kila mmoja alijichagulia nguo, mkao na upande wa uso. Ila makasha mengi hayana jina hata moja.

Jina likipotea, hata mpigaji hupotea angali hai. Mwaka 1991 picha za Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali, zilitundikwa katika maonyesho New York bila jina lake, kana kwamba hazina mwenyewe. Mwenyewe alikuwepo, Bamako, mji aliofungulia studio yake mwaka 1948. Pittsburgh, mji wa Marekani, walifanya vizuri zaidi. Charles Harris, ambaye wengi walimwita Teenie, alilipigia picha gazeti la Pittsburgh Courier na kuacha negativu zipatazo 80,000. Jumba la makumbusho la Carnegie lilizichukua mwaka 2001, likakuta nyingi hazina maelezo, ikabidi wakazi waombwe kuja kuzitambua. Wataalamu walikuwepo, lakini waliojua nani ni nani walikuwa watu wa mtaani.

Kwa hiyo fedha za kwanza hazitanunua mashine, ingawa baadhi ya wanakamati walitaka tuanzie huko. Zitalipa nauli za wazee na posho za vijana wa kamera na sauti. Mzee atatazama picha, atataja anaowajua, na kijana atarekodi kila kitu, pamoja na ubishi. Ubishi tunautaka sana: wazee wawili wakivutana huyu ni nani, mara nyingi ndipo habari za nyumba nzima zinapojitokeza. Vijana wetu wa filamu wameomba rekodi hizo zizae filamu fupi, wazee wakisimulia wenyewe bila msimulizi wa kuwasemea. Safi Faye wa Senegal aliwapa wakulima nafasi ya namna hiyo katika filamu yake ya mwaka 1975, na sisi hatuoni kwa nini tushindwe.

Mashine zitafuata, nazo hazitangoja sana. Filamu ya asetati, plastiki iliyotumika kutengenezea negativu nyingi za zamani, ikianza kuoza hutoa asidi yenye harufu ya siki. Mvuke wa asidi hiyo huharakisha kuoza kwa filamu zilizo jirani. Filamu husinyaa, hujikunja, na tabaka la picha hubanduka. Ikishafika hapo hairudi. Ubaridi na ukavu hupunguza kasi tu. Makasha mawili tuliyofungua tayari yananuka. Tunahitaji bahasha zisizo na asidi, skana ya negativu, na diski za kutosha ili nakala moja ikae mbali na jengo letu. Kuna wanaouliza kwa nini tusipige negativu kwa simu. Kwa kutambua sura simu inafaa. Kwa kuhifadhi, hapana.

Swali la nani atamiliki picha limeulizwa kwa ukali, na ni haki. Mwaka 2017 familia ya Ernest Cole, mpiga picha wa Afrika Kusini aliyefia uhamishoni mwaka 1990, ilikabidhiwa maelfu kwa maelfu ya negativu zake zilizokuwa zimefungiwa katika benki nchini Sweden. Sisi hatutaki kuwa benki ya namna hiyo. Negativu zitabaki mali ya familia, kila familia itapewa nakala zake, na hakuna picha itakayouzwa wala kusambazwa bila ridhaa yake.

Michango ipokelewe na mweka hazina peke yake, kwa stakabadhi. Mapato na matumizi yatasomwa mbele ya mkutano wa wanachama. Kiasi chochote kinapokelewa, na ahadi pia, mradi iwe na tarehe.

Asiye na fedha alete albamu, au amlete mzee. Tafadhali msibandue picha zilizoganda kwenye kurasa, na msiandike nyuma kwa kalamu ya wino. Tumieni penseli laini, pembeni kabisa, bila kukandamiza.

Kamati ya Harambee