Betri Inayojaa Upesi Kuliko Zamani: Jinsi ya Kupima Athari ya Muda wa Kuchaji Sigara ya Kielektroniki

Mara kwa mara mteja hutuletea sigara yake ya kielektroniki akieleza kwa furaha kwamba betri iliyokuwa ikihitaji saa 2 na nusu kujaa siku hizi huwasha taa ya kijani baada ya dakika 40, kisha, kwa sauti ya chini kidogo, huongeza kwamba chaji yenyewe haimfikishi mchana. Kwake hayo ni mambo mawili, moja zuri na moja baya. Kwetu ni jambo moja. Mtungi uliojaa mchanga hadi nusu hujaa maji upesi kuliko mtungi safi, wala hakuna anayeusifu kwa sababu hiyo. Vivyo hivyo, betri iliyochoka hujaa upesi kwa kuwa nafasi iliyobaki ndani yake ni ndogo.

Ndiyo maana swali tunaloulizwa sana, yaani kama kuchaji kwa muda mrefu huua betri, haliwezi kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Muda wa kuchaji unaweza kuwa chanzo cha uchakavu, na unaweza pia kuwa dalili yake. Tena hata ukiutazama kama chanzo, una sura mbili ambazo watu huzichanganya: muda ambao betri huchukua hadi ijae, unaotegemea nguvu ya mkondo wa umeme unaoingia, na muda ambao kifaa huachwa kwenye waya baada ya betri kujaa. Jaribio lolote lisilotenganisha sura hizo mbili halitatoa jibu la kuaminika.

Betri zinazotumika katika vifaa hivi ni za lithiamu, ziwe zile zilizofungwa ndani ya kifaa au zile za kutoa na kurudisha, kama 18650 ambayo jina lake linatokana na kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Betri ya namna hii huhesabiwa kuwa imejaa inapofika volti 4.2, na haifai kushushwa chini ya volti 2.5 hadi 3.0, kutegemea aina yake. Chaja iliyotengenezwa vizuri hufanya kazi kwa hatua mbili. Kwanza hupeleka mkondo usiobadilika, tuseme miliampea 500, huku volti za betri zikipanda taratibu; zikishafika 4.2, chaja huzishikilia hapo na kuuacha mkondo upungue wenyewe hadi uwe mdogo sana, kisha hukata. Hatua hiyo ya pili ndiyo inayowachanganya wengi, kwa sababu huchukua muda mrefu na huongeza chaji kidogo tu. Betri ya miliampea 1000 kwa saa (mAh, yaani kipimo cha kiasi cha chaji inachobeba) inayochajiwa kwa miliampea 500 ingepaswa kwa hesabu ya kawaida kujaa kwa saa 2, lakini kutokana na hatua hiyo ya mwisho mara nyingi hufika saa 2 na nusu au 3.

Vifaa vingi vidogo na chaja za bei nafuu hutumia saketi ya kuchaji iitwayo TP4056, ambayo inafaa kuelezwa kwa sababu inaonyesha wazi kinachotokea usiku kifaa kikiachwa kwenye waya. Saketi hii hukata mkondo unaposhuka hadi sehemu moja ya kumi ya ule uliopangwa, kisha hungoja volti za betri zishuke hadi karibu 4.05 ndipo ianze tena. Kwa hiyo si kweli kwamba umeme huendelea kumiminika usiku kucha hadi betri ifurike. Kinachotokea ni kwamba betri hukaa imejaa kabisa kwa saa nyingi, na hali hiyo ya volti za juu, hasa ikiambatana na joto, ndiyo inayoharakisha mabadiliko ya kikemia yanayopunguza uwezo wake. Pale saketi ya kukata inapokuwa mbovu au haipo kabisa, habari ni nyingine: kupitisha volti 4.2 si suala la umri wa betri tena, ni hatari ya moto.

Joto nalo lina hesabu yake. TP4056 hupokea volti 5 kutoka kwenye adapta na kuipa betri kiasi inachohitaji, kisha tofauti yote huigeuza kuwa joto. Betri ikiwa na volti 3.7 na mkondo ukiwa ampea 1, wati 1.3 hupotea kama joto ndani ya kasha dogo ambamo betri imelala sentimita chache tu kutoka kwenye saketi. Kwa mkondo wa nusu ampea, joto hilo hupungua kwa nusu. Ukishika kifaa kinachochajiwa na adapta yenye nguvu ukahisi uvuguvugu, mara nyingi unachohisi si betri kupasha moto bali saketi kuipasha betri moto, na betri haijali joto limetoka wapi.

Tukija kwenye jaribio lenyewe, kosa la kwanza ambalo watu hufanya ni kuhesabu mara walizovuta. Mvuto mmoja hauna urefu maalumu, koili (waya unaopasha kimiminika moto) inayoanza kuungua hubadilisha namna mtu anavyovuta, na nguvu yenyewe hubadilika kadiri chaji inavyopungua: kwenye kifaa kisicho na udhibiti wa nguvu, koili ya omu 1.2 hupata takriban wati 14.7 betri ikiwa na volti 4.2, lakini hupata wati 10.2 tu ikishuka hadi 3.5. Kinachopaswa kupimwa ni umeme unaotoka kwenye betri chini ya mzigo mmoja usiobadilika, kwa mfano ampea 1 hadi volti 3.0, na kuandika ni miliampea kwa saa ngapi zimepatikana. Kazi hiyo hufanywa kwa chaja ya uchunguzi yenye uwezo wa kumaliza chaji na kupima, na kamwe si kwa kubana kitufe cha kifaa hadi kizime.

Ili kulinganisha, huhitajika betri za aina moja zilizonunuliwa pamoja, angalau tatu kwa kila kundi, kwa kuwa hata betri mpya mbili hazilingani kabisa. Kundi la kwanza huchajiwa kwa miliampea 500 na kutolewa mara tu taa inapobadilika. La pili huchajiwa kwa ampea 1 na kutolewa vivyo hivyo. La tatu huchajiwa kwa miliampea 500 lakini huachwa kwenye waya hadi zitimie saa 12. Yote matatu humalizwa chaji kwa mzigo uleule, katika chumba chenye joto lilelile, na kila baada ya mizunguko 25 (kujaza na kumaliza chaji mara moja ni mzunguko mmoja) hupitishwa kwenye kipimo kimoja cha pamoja, yaani huchajiwa kwa mkondo mmoja na kupumzishwa kwa muda mmoja kabla ya kupimwa. Bila kipimo hicho cha pamoja utakuwa unapima chaja badala ya betri.

Kuna mtego ambao hata watu makini huuangukia. Betri za kundi la kwanza zinaweza kumaliza mizunguko minne kwa siku, ilhali za kundi la tatu zinamaliza mmoja. Zitakapofika mzunguko wa 100, za kwanza zitakuwa na umri wa siku 25 na za tatu umri wa siku 100, na betri ya lithiamu huzeeka hata ikiwa imekaa kabatini bila kuguswa. Usipokuwa na kundi la nne, la betri zilizohifadhiwa tu zikiwa na chaji nusu kwa kipindi hichohicho, utaibebesha chaja lawama ya kalenda. Tunalitilia mkazo jambo hili kwa sababu ndilo linalotenganisha jaribio na hadithi.

Matokeo ya kutarajia si ya kushangaza sana. Betri nyingi za aina hii hufika asilimia 80 ya uwezo wake wa mwanzo baada ya mizunguko kamili kati ya 300 na 500, na baada ya hapo mtumiaji huanza kulalamika. Mkondo ulio ndani ya kiwango cha mtengenezaji huleta tofauti ndogo. Mkondo unaozidi kiwango hicho, au kuchaji betri ikiwa na joto chini ya nyuzi 0, huharibu upesi kwa kuwa lithiamu hujipaka juu ya elektrodi, ile sehemu ya ndani ya betri inayoihifadhi, badala ya kuingia ndani yake. Kukaa kwenye waya baada ya kujaa huonekana taratibu zaidi, kwa wiki na miezi. Kwa upande mwingine, kuchaji nusu mara mbili huhesabika kama mzunguko mmoja tu, kwa hiyo hakuna faida ya kungoja kifaa kizime ndipo ukichaji, na ukiitoa betri kabla haijafika volti 4.2, tuseme ikiwa 4.1, utapoteza sehemu ndogo ya chaji ya siku lakini utaongeza mizunguko. Ule ushauri wa kuchaji kifaa kipya kwa saa 8 au 12 kabla ya kukitumia ni urithi wa betri za nikeli na kadimi. Betri za lithiamu za aina hii (lithiamu-ioni), ambazo Sony ilianza kuziuza mwaka 1991, hazina haja hiyo.

Mtumiaji wa kawaida hana chaja ya uchunguzi, lakini anaweza kujifanyia kipimo chepesi kwa mita ndogo ya USB, ile inayochomekwa kati ya adapta na waya na kuonyesha volti, ampea na jumla ya miliampea kwa saa. Tumia kifaa hadi kijizime chenyewe, kiache kwa nusu saa kipoe, kichomeke kikiwa juu ya kigae au sehemu nyingine isiyoshika moto, kisha andika jumla iliyoingia mpaka taa inapobadilika. Rudia kila mwezi ukitumia adapta na waya uleule, kwa maana waya mwembamba hupunguza volti na kurefusha muda bila betri kuwa na kosa lolote. Usivute kifaa kikiwa kinachaji siku ya kipimo, kwa sababu umeme unaoondoka huifanya saketi isijue betri imejaa lini. Usomaji wa mwezi wa kwanza ndio kipimo chako. Ukishuka kutoka 950 hadi 740, umeshapoteza zaidi ya moja ya tano ya betri.

Ukiona jumla inayoingia ni ndogo tangu mwanzo ingawa kifaa ni kipya, huenda betri ni nzima ila ukinzani wake wa ndani uko juu: volti huporomoka unapobana kitufe, kifaa hudhani chaji imekwisha, nacho hujizima mapema. Chanzo hicho hakionekani kwenye mita ya USB, na ndipo vipimo vya mezani vinapohitajika.

Ukija kupimiwa betri, njoo na chaja na waya unaoutumia kila siku, maana tunavipima vyote pamoja, na kifaa kije kikiwa na chaji nusu badala ya kujaa. Tunaanza kwa kumaliza chaji iliyomo, kisha tunaijaza na kuimaliza tena mara mbili, hivyo majibu hutoka siku inayofuata. Huduma hii, kama bidhaa zetu zote, ni kwa watu wazima pekee. Betri iliyovimba, iliyochanika ganda au inayotoa harufu tamu isiyo ya kawaida usiichaji tena, hata kwa ajili ya kutuonyesha kasoro yake. Ilete kama ilivyo, peke yake, mbali na funguo na sarafu, nasi tutaipokea bila malipo pamoja na nyingine zinazokwenda kwa wanaozisaga.