Shukrani kwa Dada Aliyeyaokoa Magazeti Yangu

Napenda kumshukuru hadharani dada mmoja nisiyemjua jina, ambaye aliyaokoa magazeti yangu mvua ilipoanza ghafla asubuhi hapa Nakulabye, Kampala, nami nikiwa nimevuka barabara kutafuta chenji. Mwenye kuuza magazeti anaelewa uzito wa jambo hilo: New Vision, Daily Monitor na Bukedde huyachukua alfajiri kwa wakala, faida ya kila nakala ni ndogo mno, na nakala iliyolowa haiuziki wala wakala wangu haipokei, hivyo hasara yote huniangukia mimi.

Fundi viatu jirani yangu alinisimulia kwamba dada huyo aliyafunika kwa leso yake mwenyewe, akayaingiza kibandani, tena akamhudumia mzee aliyekuwa akisubiri Bukedde na kuniwekea fedha chini ya redio, kisha akapanda teksi.

Nimetoka Bukavu, Kongo, na kibanda hiki ndicho kinachowalipia wanangu karo. Kwa hiyo wema huo kwangu ni mkubwa sana. Dada yangu, Mungu akubariki. Ukipita tena tafadhali simama, nikushukuru ana kwa ana na kukurudishia leso yako.