Namba 2,147,483,647 inatuhusu, mhariri

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Kuna msomaji aliandika humu kwamba watu wa hesabu wanapoteza muda na minamba mikubwa isiyonunua hata kilo ya sukari, naomba nimjibu kwa namba moja tu, 2,147,483,647, yaani bilioni mbili, milioni 147, elfu 483 na 647.

Inapatikana hivi, anza na 1 halafu 2, 4, 8, unaongeza mara mbili mbili hivyo hivyo mpaka zitimie namba 31, jumlisha zote. Utamu wake ni namba tasa, haigawanyiki kwa kitu kingine zaidi ya 1 na yenyewe. Na usidhani kila ukifanya hivyo unapata tasa, ukiishia namba ya 11 unapata 2,047 ambayo ni 23 mara 89 tu.

Aliyethibitisha ni Euler, mwanahesabu Mswisi aliyekuwa St. Petersburg kule Urusi, mwaka 1772, tena macho yalishamwisha karibu yote. Kuigawa kwa njia ya kawaida inabidi ujaribu namba tasa zote mpaka 46,340 hivi, ni zaidi ya 4,700, lakini mzee akaonyesha kwamba kigawanyo kama kipo basi lazima ukikigawa kwa 248 kibaki 1 au 63, kwahiyo nyingi sana akaziruka bila hata kuzigusa. Hapo hakuna kikokotoo jamani!

Ukiizidisha kwa 1,073,741,824 unapata 2,305,843,008,139,952,128, na vigawanyo vyote vya hilo dude, ukiliacha lenyewe, ukivijumlisha vinarudi pale pale, kama 6 ilivyo 1 na 2 na 3. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow akaandika kwamba za namna hii hakuna atakayetafuta kubwa kuliko hiyo maana hazina faida. Zimeshapatikana kibao.

Sasa faida au hasara yake ni hii. Kompyuta inayohesabu kwa biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1, moja ikiwa ya alama ya chanya au hasi, mwisho wake ndio namba hiyo. Mwaka 2014 YouTube walilazimika kubadilisha kihesabio chao cha watazamaji kisa video ya mwanamuziki Psy wa Korea Kusini, iliyotazamwa mpaka kupita namba hiyo. Na mifumo mingi inahesabu muda kwa sekunde kuanzia Januari 1, 1970, kwa saa zetu ilikuwa saa 9 usiku, hizo sekunde zitafika kikomo Jumanne Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi, na mfumo usiorekebishwa utajikuta Desemba 1901. Simu na kompyuta mpya nyingi zimeshahamia biti 64, mimi naogopa vile vimashine vilivyofungwa zamani viwandani na kwenye mitambo ambavyo hakuna anayekumbuka viko wapi. Mhariri tunaomba mumtafute fundi wa programu atuandikie humu jinsi ya kuvikagua.