Mahakama ya Kale Mombasa isipitwe tu

Mhariri,

Wageni wengi wakitoka Fort Jesus huipita Mahakama ya Kale wakidhani ni ofisi ya serikali. Jengo hilo la 1902 liko hatua chache tu kutoka ngomeni, na ni bora kulitembelea baada ya ngome, si kabla. Kuanzia 1895 hadi 1958 ngome ilikuwa jela, hivyo aliyefungwa hakuwa na safari ndefu.

Anayependa ujenzi asikimbilie ndani. Kuta za kale za Pwani ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nazo hupitisha unyevu. Fundi akiziba ufa kwa saruji (na mafundi wetu wanaipenda mno saruji), maji hukosa pa kutokea, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, na masika yakipita plasta hubambuka pamoja na jiwe. Unga mweupe chini ya ukuta ndiyo chumvi hiyo. Dawa ni kubandua saruji, kuuacha ukuta ukauke, kisha kupiga chokaa kwa matabaka membamba, kila moja likishika kabla ya jingine.

Ndani pawekwe vibao vya Kiswahili vinavyoeleza sheria yenyewe. Hadi 1930 washtakiwa wa Kenya walihukumiwa kwa Kanuni ya Adhabu ya India, huku kadhi na liwali (mwakilishi wa Sultani wa Zanzibar huku Pwani) wakiwa na mahakama zao. Mwanafunzi asipoelezwa hayo, ataona vyumba na madirisha tu.

Mpenda majengo ya kale,
Mombasa